UZI: Kupanga pichi na treki ya mapanga kwenye helikopta za rimoti, kuanzia sevo mpaka ncha ya panga

Rota_Msingi

Heshima kwenu wakuu.

Maswali ya treki ni mengi, na jibu linalotolewa haraka ni lile lile: zungusha linki (fimbo fupi inayosukuma panga) nusu mzunguko, rusha tena. Wakati mwingine linasaidia. Mara nyingi linaficha spindo (shafti ya kichwa inayobeba mapanga) iliyopinda au sevo (mota ndogo inayotekeleza amri ya rimoti) iliyofungwa vibaya, na baada ya betri mbili tatu tatizo liko pale pale. Linki ya gripu (kishikio cha panga) ndiyo ya mwisho kuguswa. Uzi huu unatoka chini kwenda juu: sevo, swashi (sahani inayopeleka mwendo wa sevo kwenye mapanga), kichwa, kisha panga.

Nazungumzia helikopta za pichi inayobadilika, mapanga mawili, swashi ya digrii 120 yenye sevo tatu. Zenye fulaiba (fimbo ya kutuliza rota, yenye makasia) na zisizo na fulaiba zote zimo.

Pichi ni pembe ya panga ikilinganishwa na bapa linalochorwa na mzunguko wa rota. Treki ni ncha za mapanga yote kupita kwenye njia moja. Pichi zikitofautiana, panga lenye pichi kubwa linapanda, mwenzake anabaki chini, na ukitazama kwa ubavu unaona mistari miwili badala ya mmoja.

Kabla ya yote, chomoa waya tatu za mota au sogeza pinioni itoke kabisa kwenye gia kuu. Usitegemee swichi ya kukata mota peke yake, kwa sababu kazi hii ni ya kuingia kwenye menyu za rimoti, na ukibadilisha kisichotakiwa mota inaweza kuwaka mkono ukiwa kichwani. Ncha ya panga la daraja la 700 (ukubwa wa modeli) kwenye mizunguko 2000 kwa dakika inakwenda karibu mita 165 kwa sekunde, kama kilomita 600 kwa saa. Hakuna mkono unaowahi kutoka hapo.

Rimoti: mstari wa pichi (jinsi pichi inavyofuata kijiti) uwe mnyoofu, 0-50-100. Trimu zote sifuri, michanganyiko yote imezimwa. Kama una jairo (kifaa cha umeme cha kutuliza helikopta) ya kisasa isiyohitaji fulaiba, aina ya swashi kwenye rimoti iwe ile ya sevo moja, H1, maana uchanganyaji wa sevo tatu unafanywa na jairo yenyewe. Ukichagua 120 kwenye rimoti na 120 kwenye jairo, amri inachanganywa mara mbili na swashi inakwenda upande usioutaka. Mkao wa katikati wa kila sevo urekebishwe ndani ya jairo, kwenye hatua yake ya kupanga. Sabutrimu (marekebisho madogo ya kati ya sevo) za rimoti ziachwe sifuri.

Mikono ya sevo: kijiti cha pichi kikiwa katikati kabisa (hakikisha kwenye skrini ya rimoti, usikadirie kwa jicho), kila mkono uwe mraba na fimbo inayopanda kwenye swashi, digrii 90. Mhimili wa sevo wenye meno 25 unaruka digrii 14.4 kwa kila jino, kwa hiyo ni nadra kupata 90 kamili mara ya kwanza. Mkono wenye ncha nne au sita ujaribu kila ncha, kwa sababu meno hayaangukii sawa na mojawapo itakaribia zaidi. Kata ncha zilizobaki. Kilichopungua ndicho cha kumalizia kwa sabutrimu (ndani ya jairo kama unayo), na kiwe kidogo. Gololi (viungo vya duara ambavyo linki zinashika) za mikono yote mitatu ziwe umbali mmoja kutoka kati ya mhimili. Moja ikikaa tundu la nje na mbili la ndani, swashi itainama kila unapopandisha pichi.

Swashi: vua kichwa, vesha kifaa cha kusawazishia swashi kwenye shafti kuu, na rekebisha linki za chini mpaka swashi iguse kifaa sawasawa pande zote. Kisha peleka kijiti juu kabisa na chini kabisa. Kama kati ni sawa lakini mwisho inainama kidogo, punguza au ongeza mwendo wa sevo iliyokosea, upande huo tu. Ikiinama sana usisahihishe kwa rimoti. Rudi uangalie gololi na urefu wa fimbo.

Kichwa: rudisha kichwa, angalia mikono inayoburuta swashi iwe imelala sawa kwenye kati. Pima linki mbili za gripu kwa kalipa na uzifanye urefu mmoja kabla ya kuzivalisha. Sasa ndiyo unachukua geji ya pichi na kutafuta sifuri kwenye mapanga yote mawili.

Viwango vya pichi na hatua za kutreki nitaviweka chini.

Kijiti_Kati

Mkuu, swali kwenye geji. Vitabu vya zamani vinasema linganisha ukingo wa geji na fulaiba. Kwa isiyo na fulaiba unalinganisha na nini? Na kwenye geji ya kidijitali, sifuri unaichukua wapi?

Sifuri_Kamili

Hapo ndipo vipimo vingi vinapoharibikia.

Kinachotakiwa ni rejea iliyo mraba na shafti kuu. Fulaiba ilifanya kazi hiyo kwa sababu inakaa mraba na shafti swashi ikiwa sawa. Bila fulaiba, tumia uso bapa wa juu wa kichwa chenyewe, au kifaa cha kusawazishia swashi. Weka geji ya kidijitali hapo, bonyeza sifuri, kisha ipeleke kwenye panga bila kuisogeza helikopta.

Mwelekeo nao una maana. Panga likiwa limenyooka na mkia, geji inapima mwinamo wa kulia na kushoto, kwa hiyo sifuri uichukue geji ikiwa imeelekezwa hivyo hivyo. Ukichukua sifuri geji ikitazama mbele na nyuma kisha ukapime kwa upande, kosa lote la meza linaingia kwenye kipimo chako.

Njia inayofuta kosa la meza: pima panga la kwanza likiwa juu ya mkia, kisha zungusha kichwa nusu duara ili panga la pili lije mahali pale pale, upime tena. Usisogeze helikopta, usihamishe geji kwenda pua. Mapanga yote mawili yakipimwa juu ya mkia, meza ikiwa imeinama inawadanganya wote kwa kiasi kile kile, na tofauti kati yao inabaki ya kweli.

Geji ikae sehemu moja kwenye mapanga yote, kama theluthi mbili kutoka kwenye shina. Pima kwa alama ya penseli. Panga laini la plastiki linajipinda kwa uzito wa geji, kwa hiyo lishikilie kidogo kwa chini lisilegee. Na bonyeza gripu taratibu juu na chini uiache itulie kabla ya kusoma, kwa sababu linki inayocheza inaweza kukupa namba mbili tofauti kwa mkao mmoja. Ukiona hivyo, kipimo kiishie hapo: badilisha linki kwanza.

Geji hizi zinaonyesha sehemu ya kumi ya digrii, lakini jinsi zinavyolishika panga haziaminiki kwa kiwango hicho. Tofauti ya 0.1 au 0.2 kati ya mapanga usiisumbukie mezani. Iache itaonekana hewani.

Ukaguzi wa haraka bila geji: kijiti kati, kunja mapanga yote mawili kuelekea mkiani, simama nyuma uyatazame kwa ncha. Pichi zikiwa sifuri yanalala bapa moja. Moja likiinama, unaliona hata kwa digrii moja.

Rota_Msingi

Asante Sifuri_Kamili, hiyo ya kuzungusha kichwa badala ya kuhamisha geji iandikwe ukutani.

Viwango vya pichi. Hivi ni vya kuanzia, kitabu cha modeli yako kina kauli ya mwisho:

Kuelea na kujifunza: chini −2 au −3, kuelea +5 mpaka +6, juu +9 mpaka +10.
Kuruka kwa mwendo, mizunguko rahisi: chini −5, juu +10 mpaka +11.
Michezo ya kupinduka: −11 mpaka −12 na +11 mpaka +12, kati ikiwa sifuri kamili.
Kushuka bila mota: chini −4 mpaka −5, juu yote uliyo nayo, +11 au +12, kwa sababu pichi ile ya mwisho ndiyo inayokukinga na ardhi.

Mwendo wote wa kimakanika upange kwanza, −12 mpaka +12 ikiwa sevo zinafika bila kugonga. Kisha kila mkao wa kuruka uukatie mstari wake wa pichi kwenye rimoti. Usipunguze pichi kwa kubadilisha mwisho wa mwendo wa kila sevo. Tumia namba ile moja ya mchanganyiko wa swashi inayohusu pichi ya pamoja, kwa sababu inazipunguza sevo zote tatu kwa pamoja na swashi inabaki sawa.

Pichi ya kuelekeza, ile ya kijiti cha kulia na kushoto au mbele na nyuma, inapimwa peke yake. Pichi ya pamoja iwe sifuri, panga liwe juu ya mkia, usogeze kijiti hicho upande wa kulia mpaka mwisho. Jairo nyingine zinataka digrii 6 kwenye hatua hiyo, nyingine 8. Fuata ya kwako, kwa sababu jairo inatumia namba hiyo kujua helikopta itajibu kwa nguvu kiasi gani.

Ukimaliza, peleka pichi juu kabisa na kijiti cha kuelekeza uzungushe kwenye mipaka yote, kisha chini kabisa vivyo hivyo. Sikiliza sevo. Ikinguruma mahali fulani kuna kitu kinagonga au linki inabanwa. Sevo inayobanwa inakula umeme wa risiva (kipokezi cha rimoti), na umeme ukishuka sana risiva inazima hewani.

Mkono90

Naongeza kuhusu pichi ya juu. Kuongeza digrii si kuongeza nguvu bure. Panga likipita kiasi ambacho mota inaweza kubeba, mizunguko inashuka, na mzunguko ukishuka rota inapoteza mnyanyuo na mkia unaanza kuteleza pia. Helikopta ikizama mlio wake kila unapopandisha kijiti kwa haraka, punguza digrii moja juu kabla ya kulaumu betri. Gavana (inayoshikilia mizunguko isibadilike) inasaidia ila haiumbi nguvu ambayo mota haina.

Kijiti_Kati

Na huyu anayejifunza, kwa nini asiweke +5 pale kijiti kikiwa kati kwa kurefusha linki, badala ya kuhangaika na mstari kwenye rimoti?

Rota_Msingi

Kwa sababu mwendo wa sevo ni duara. Mkono ukiwa digrii 90 katikati, kupanda na kushuka kunakuwa sawa. Ukiipeleka +5 kimakanika, unabaki na mwendo mdogo upande mmoja na mrefu upande mwingine, na swashi inainama zaidi upande ule mrefu. Sifuri ya kimakanika ibaki kati. +5 iwekwe kwenye mstari wa pichi, inachukua dakika moja na unaweza kuirudisha ukitaka.

Sasa treki.

Funga tepu ya rangi kwenye ncha ya kila panga, rangi mbili zinazotofautiana kwa mbali, mfano nyekundu na njano. Vipande viwe urefu mmoja na viwekwe umbali mmoja kutoka ncha, vinginevyo unaharibu mizani ya mapanga.

Washa ikiwa chini kwanza, pichi sifuri, mizunguko ya kawaida. Kama mistari imeachana hata hapo, zima urudi mezani, usirushe. Ikiwa moja, inyanyue ielee kwenye usawa wa macho, sehemu isiyo na upepo. Ya daraja la 450 simama si chini ya mita 5, kubwa zaidi mita 10. Mtu mwingine yeyote asisimame kwenye bapa la rota, kwa sababu panga likichomoka linakwenda huko.

Bora zaidi ni simu iliyowekwa kwenye stendi urefu ule ule, wewe ukae mbali nyuma ya mkia. Rekodi kwa picha 240 kwa sekunde. Rota ya mizunguko 1800 kwa dakika inazunguka mara 30 kwa sekunde, kwa hiyo unapata picha 8 kwa kila mzunguko na rangi zinasomeka moja moja. Ukirekodi kwa picha 30 kwa sekunde panga litaonekana limesimama, na hutajua lipi liko juu.

Kwenye helikopta kubwa za kweli mafundi walitia chaki ya rangi kwenye ncha na kusogeza kitambaa kilichotandazwa kwenye mlingoti mpaka mapanga yakigusa. Rangi ilikuwa inasema lipi limepita juu. Tepu yetu ni kazi ile ile.

Ukishajua rangi ya juu ni ipi, unayo maamuzi mawili: ushushe ya juu au upandishe ya chini. Treki inategemea tofauti ya pichi kati ya mapanga, na sifuri inategemea wastani wake. Rudisha geji. Kama moja inasoma +0.6 na nyingine 0, gusa iliyo +0.6. Kama ni +0.4 na −0.4, shusha moja na upandishe nyingine kiasi kile kile. Mapanga yote yakisoma +0.5, treki itakuwa nzuri kabisa na bado sifuri yako ni ya uongo: utaiona helikopta ikipinduliwa, inapanda na kushuka kwa nguvu zisizofanana.

Gololi_M2

Watu waijue hesabu ya linki, itawapunguzia kurusha kwa kubahatisha.

Skrubu ya M2 inasogea milimita 0.4 kwa mzunguko mmoja, M2.5 inasogea 0.45, M3 inasogea 0.5. Pima umbali kutoka mhimili wa gripu mpaka kati ya gololi ya gripu. Digrii kwa mzunguko mmoja = 57.3 × hatua ya skrubu ÷ umbali huo.

Gololi ikiwa milimita 15 na skrubu M2: 57.3 × 0.4 ÷ 15, inatoka digrii 1.5. Nusu mzunguko ni kama 0.75.
Gololi ikiwa milimita 20 na skrubu M3: digrii 1.4, nusu ni 0.7.

Nimetaja nusu, lakini linki nyingi za plastiki zina upande wake. Ile yenye alama au herufi inatazama nje, na gololi inaingia kwa upande mmoja tu bila kubana. Kwa hiyo unaivua, unaizungusha moja nzima, unairudisha upande ulio sawa. Linki ya upande mmoja kwa nusu mzunguko inageuka, hivyo kwa aina hiyo hatua ndogo kabisa ni mzunguko mzima ukizungusha ncha moja tu. Ukitaka nusu, zungusha fimbo yenyewe kwa plaisi yenye midomo ya mpira, kama ina thredi za kushoto na kulia. Hiyo ndiyo ya kununua ukijali treki, maana unaweza kwenda robo bila kuivua.

Upande wa kuzungusha: mkono wa gripu ukiwa ukingo wa mbele wa panga, kurefusha linki kunapandisha pichi. Ukiwa ukingo wa nyuma, kurefusha kunashusha. Angalia kwa macho kabla ya kuzungusha. Usikariri kutoka modeli nyingine.

Sevo_Tatu

Wakuu, daraja la 450, isiyo na fulaiba, linki za kawaida. Panga jekundu liko juu. Nikizungusha mzunguko mmoja kushusha, jekundu linakuwa chini. Hakuna katikati. Nifanyeje? Geji inasema mapanga yote 0.

Gololi_M2

Kwanza, geji ikisema yote 0 na hewani yameachana, kosa lako huenda haliko kwenye linki. Rudisha linki ilivyokuwa na ufanye jaribio hili: badilishana mapanga. Jekundu litoke gripu ya kwanza liende ya pili, tepu zibaki kwenye mapanga yake. Usiguse linki. Rusha.

Jekundu likiendelea kuwa juu, kosa liko kwenye panga: limejisokota, limepigwa ukingo, au si jozi na mwenzake. Usilisahihishe kwa linki, kwa sababu yatalingana kwenye mizunguko ya kuelea tu, na ukibadilisha mizunguko yanaachana tena. Nunua jozi.

La njano likiwa juu sasa, kosa limebaki kwenye gripu. Hapo nenda kwenye linki, beringi, spindo.

Kuhusu hatua ya katikati: linki mbili za plastiki hazina urefu sawa hata zikitoka mfuko mmoja. Badilisha ncha moja kwa nyingine ya akiba, upime kwa kalipa, mara nyingi unapata theluthi ya mzunguko. Au weka zenye thredi za kushoto na kulia.

Spindo_Nyoofu

Nilikuwa nasubiri tufike kwenye spindo.

Baada ya kuanguka hata kwa polepole, spindo itoke. Ibiringishe juu ya kioo na utazame mwanga chini yake. Ikionyesha mwanga unaofunguka na kufunga, itupwe. Usiinyooshe. Spindo iliyopinda inaipa gripu moja pichi ya ziada na nyingine upungufu, na ukisahihisha kwa linki unakuwa umepanga helikopta kufuata chuma kilichopinda.

Beringi ya msukumo ndani ya gripu ina washa (pete bapa za chuma) mbili zisizofanana. Moja ina tundu kubwa kidogo, nyingine dogo. Yenye tundu kubwa ikae ndani, upande wa kichwa, na yenye tundu dogo ikae nje, upande wa bolti ya spindo. Sababu: mapanga yanavutwa nje, gripu inaisukuma washa ya ndani, na hiyo haitakiwi kugusa spindo. Ya nje inaegemea bolti na inatakiwa kukaa na spindo. Ukizigeuza, gripu inabana kadiri mizunguko inavyopanda, sevo zinafanya kazi ngumu, na treki inabadilika hewani ingawa mezani kila kitu ni laini. Jipime hivi: vuta gripu nje kwa nguvu kwa mkono mmoja huku ukiizungusha kwa mwingine. Pande zote mbili zihisi sawa, laini. Ikikwaruza kama ina mchanga, safisha, paka grisi, au badilisha.

Dampa (mipira inayoshikilia spindo kichwani): sukuma gripu moja chini, iache. Irudi katikati yenyewe, kwa uthabiti. Ikibaki imelala, mipira imekwisha. Dampa zilizochoka zinakupa treki inayotembea: mizunguko 2000 iko sawa, 2600 imeachana.

Bolti za mapanga: iweke helikopta kwa ubavu, mapanga yamelala sambamba na ardhi. Yasianguke kwa uzito wake. Ukiitikisa kidogo ndiyo yashuke. Yote mawili yawe na ukazaji mmoja. Lakini ukazaji mbaya hauleti treki mbaya. Unaleta mtikisiko wa ulalo wakati wa kuwasha. Treki mbaya inaonekana kama kudunda juu na chini, mara moja kwa kila mzunguko. Mapanga yasiyo na mizani yanatikisa mkia na miguu kwa upande. Ukizitofautisha hizi mbili, unajua uanzie wapi.

Skrubu ya chuma ndani ya chuma ipate gundi ya skrubu ya nguvu ya kati, tone dogo, uso umefutwa mafuta. Plastiki isipakwe. Inapasuka.

Sifuri_Kamili

Mizani nayo, kwa kifupi. Tafuta kati ya uzito ya kila panga kwa kuliegemeza kwenye ukingo mwembamba, weka alama. Alama zikitofautiana, tepu iende kwenye ncha ya panga ambalo kati yake iko karibu na shina, mpaka zilingane. Ndipo upime uzito, na jepesi uliongezee tepu pale pale kwenye kati yake. Ukianza na uzito kabla ya kati utajikuta unafungua tepu tena.

Fulaiba_Kongwe

Kwa wenye fulaiba, msiache haya. Urefu wa fulaiba pande zote mbili, kutoka kichwa mpaka kasia, usitofautiane zaidi ya nusu milimita. Makasia yawe sambamba, na yote yawe sambamba na swashi pichi ikiwa sifuri. Kasia moja likiwa na pembe ya ziada, helikopta inavuta upande mmoja muda wote na mtu anaanza kuweka trimu ambazo hazikutakiwa.

Treki kwenye vichwa hivi irekebishwe kwa linki inayotoka mkono wa uchanganyaji kwenda gripu. Ile ya chini, inayotoka swashi, ina kazi ya kuisawazisha fulaiba, ukiigusa unavuruga kazi nyingine nzima. Na fulaiba yenyewe ikiwa imepinda kidogo, duara lake linayumba na mapanga yanafuata.

Sevo_Tatu

Spindo ilikuwa sawa, ni panga. Swali la pili: kuelea treki moja safi, nikipandisha pichi juu inaachana. Nikirudisha inaungana.

Rota_Msingi

Jozi nyingine ya mapanga au ile ile? Kama ni panga lile, ndilo jibu: panga laini kuliko mwenzake linajisokota zaidi likibebeshwa mzigo.

Kama ni mapanga mapya, tazama uwiano wa mikono. Peleka pichi +10 na −10, upime mapanga yote mawili hapo, juu ya mkia, si sifuri peke yake. Zikilingana sifuri na kutofautiana kwenye +10, gripu moja inasogezwa zaidi ya nyingine. Gololi iko tundu tofauti, au mkono mmoja unaoburuta swashi umechoka kwenye pini yake na unacheza. Linki haiwezi kuponya hili. Ukisawazisha +10 utaivunja sifuri.

Kosa jingine linalofanana na hili kwa macho, ingawa si treki: kiendesha swashi (kinachobeba mikono inayoiburuta) kikiwa kimegeuka. Weka panga juu ya mkia, sukuma kijiti mbele na nyuma. Pichi ya panga hilo isibadilike. Sogeza kulia na kushoto, ibadilike. Ikibadilika kwa mbele na nyuma, swashi inaburutwa kwa pembe na kila amri inatoka imechanganyika na nyingine. Legeza kiendesha, kizungushe mpaka linki za gripu zisimame wima, kaza.

Mkono90

Na mapanga matatu?

Spindo_Nyoofu

Rangi tatu. Mawili yakitembea pamoja na la tatu likajitenga, gusa la tatu peke yake. Yakiachana yote, pima yote sifuri kwa geji, chagua lile la katikati liwe rejea, leta mengine mawili kwake. Usisahihishe mawili kwa mkupuo mmoja ukiwa hewani. Badilisha moja, rusha, tazama video, kisha jingine.